Aleji ya pua hapa Mombasa: kichupa cha kuzibua pua kilinifunga miaka mitatu

Bint Kibokoni (mleta uzi)

Asalaam alaikum wanajamii.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya famasi. Mbele yangu kijana anaitisha kile kichupa cha matone ya kuzibua pua, viwili kwa mpigo, na sauti yake yatoka kama mtu aliyebanwa pua kwa kibanio cha nguo. Moyo uliniuma, maana yule kijana ni mimi wa miaka ile. Nilikuwa na kichupa mkobani, kingine chini ya mto, kingine jikoni karibu na birika. Nilikuwa silali bila kutia, na usiku wa manane naamka tundu zote mbili zimeziba, natia tena. Miaka mitatu. Nimeona niandike yote hapa, hata yakiwa marefu, huenda yakamfikia.

Mwanzo wake niliita mafua. Kila siku baada ya swala ya alfajiri, chafya kumi, kumi na tano, moja juu ya nyingine. Kamasi jepesi kama maji ya bomba. Macho yawasha, kaakaa lawasha mpaka nalikuna kwa ulimi. Homa hakuna. Ikifika saa nne asubuhi napata nafuu, usiku yarudi. Watu wakaniambia ni baridi ya kusi. Kusi likapita, kaskazi likaingia na joto lake lote, chafya ziko pale pale. Mafua ya kawaida humaliza siku saba, kumi, yakaenda zake. Yakikaa wiki baada ya wiki, yakaja na muwasho na bila homa, mtu aanze kufikiria mzio, hii tunayoita aleji.

Kichupa nilipewa dukani, hakuna aliyeniambia neno. Ndani yake mna zailometazolini, na ndugu yake ni oksimetazolini. Kazi ya dawa hizi ni kubana mishipa midogo ya damu iliyovimba ndani ya pua. Zafungua pua ndani ya dakika chache, na hapo ndipo mtu anaponaswa. Ikiisha nguvu, mishipa yavimba upya, na ukiendelea kutia siku nenda rudi, uvimbe wazidi ule uliokuwapo mwanzo. Watia tena. Wavimba tena. Dawa ile ni ya siku 3 hadi 5, basi. Mimi nimetia siku zaidi ya elfu moja.

Daktari wa masikio, pua na koo aliponiangalia kwa taa aliniambia nina magonjwa mawili: aleji niliyoanza nayo, na pua iliyolevywa na matone. Kisha akaniuliza kama nimewahi kupewa dawa ya steroidi, ya kutuliza uvimbe, ile ya kupuliza puani. Nikamwambia ninayo nyumbani, nilitumia siku tatu nikaona haina kazi. Akanipa kichupa kitupu, akasema, "Hebu nionyeshe ulivyokuwa ukipuliza." Nikainua uso juu nikatazama dari, nikaelekeza ncha katikati ya pua, nikapuliza, nikavuta kwa nguvu mpaka nikahisi uchungu kooni.

Akaniambia, "Yote umeyameza."

Basi sikilizeni nilivyofundishwa, maana dawa yangu ilikuwa ile ile tangu mwanzo, na iliyobadilika ni namna ya kuitumia tu. Kwanza penga pua, utoe kamasi. Tikisa kichupa, na kama ni kipya au kimekaa siku nyingi, piga hewani mara kadhaa mpaka utoke mvuke mwembamba. Inamisha kichwa kidogo, utazame vidole vya miguu. Tundu la kulia litie kwa mkono wa kushoto, tundu la kushoto kwa mkono wa kulia. Huo mkono wa upande wa pili ndio unaofanya ncha iangalie nje, upande wa sikio, iepuke ukuta wa katikati ya pua. Ukuta ule ukipigwa na dawa kila siku hukauka na kutoa damu, na wengi huacha dawa kwa sababu ya damu hiyo. Puliza, na uvute pumzi taratibu kama unayenusa asumini. Ukihisi ladha kooni, umevuta kwa nguvu mno.

Na subira. Dawa hii haifungui pua kwa dakika tano. Yatuliza uvimbe pole pole. Wengine waona tofauti baada ya siku moja au mbili, lakini nguvu yake kamili huchukua hata wiki mbili, na ni sharti itiwe kila siku, hata siku unayojihisi mzima. Mimi niliipa siku tatu nikaihukumu. Laiti ningejua.

Siku ya kumi na moja tangu nianze kuacha matone, niliamka kwa adhana, mdomo umefumba, napumua kwa pua. Nilikaa kitandani nikalia.

---

Tuktuk Kisauni

Dadangu, umenisema mimi mzima mzima. Kichupa changu kiko hapa kwenye dashibodi naandika. Huu mwaka wa pili. Mchana vumbi na moshi wa malori, usiku pua yafunga kabisa. Nilijaribu kuacha, usiku wa kwanza nilidhani nafa. Wewe uliachaje?

---

Bint Kibokoni

Pole sana kakangu. Usiku wa kwanza ndio mbaya kuliko wote, nakubaliana nawe.

Daktari alinianzisha ile steroidi kwanza, wiki nzima, huku bado natia matone. Halafu akaniambia niache tundu moja. Nikaacha la kulia. Likaziba kama ukuta wa jiwe, lakini la kushoto likawa bado linapitisha hewa, kwa hivyo nikalala. Siku ya tano, ya sita, la kulia likaanza kufunguka lenyewe. Hapo ndipo nikaacha la kushoto. Wako wanaokata yote mara moja wakaweza, mimi singeweza. Na usiku nilikuwa naosha pua kwa maji ya chumvi na kuinua mto. Kama una presha au moyo, mwambie daktari kabla, maana matone yale si mazuri kwa presha.

---

Mama Mapacha Likoni

Jamani, mimi nina mwanangu wa miaka sita. Pua akiisugua aisugua kwa kiganja, kutoka chini kwenda juu, mpaka amefanya mstari hapa juu ya pua. Chini ya macho kweusi kama hajalala. Kulala alala, lakini mdomo wazi na akoroma. Mwalimu asema darasani asinzia. Nampa Piriton ya maji. Nifanyeje?

---

Famasi Tudor

Mama Mapacha, mimi ni fundi wa dawa, niko kwenye kaunta mwaka wa tisa huu. Huo mstari na huko kujisugua kwa kiganja ni alama tunazoziona sana kwa watoto wenye aleji ya pua. Mpeleke akaonekane, na mwambie daktari habari ya kukoroma, asije akawa na nyama za nyuma ya pua zilizokua.

Kusinzia darasani kwaweza kutoka kwenye usingizi mbovu, na kwaweza kutoka kwenye hiyo dawa. Klofeniramini, ambayo ndiyo Piriton, ni dawa ya aleji ya kizazi cha zamani. Yaingia kwenye ubongo na kulaza. Wazazi wengi huipenda kwa sababu mtoto atulia, lakini yule mtoto hajatulia, amelewa usingizi. Setirizini na loratadini ni za kizazi kipya na hulaza kidogo zaidi. Setirizini bado humlaza mmoja mmoja, kwa hivyo kaka wa tuktuk, wewe ukipewa, ianze usiku ambao kesho yake huendeshi. Feksofenadini hailazi karibu kabisa, ila inywe kwa maji matupu. Juisi ya machungwa, ya balungi, ya tufaha, zote hupunguza dawa inayoingia mwilini.

Vidonge hivi ni vizuri kwa chafya, muwasho na kamasi linalotiririka. Kwa pua iliyoziba havina nguvu sana, na hapo ndipo steroidi ya pua inaposhinda. Watoto pia hupewa. Flutikasoni propionati, kwa mfano, ni kuanzia miaka 4, kwa kipimo cha mtoto anachokipanga daktari. Najua neno steroidi latisha. Kiasi kinachopulizwa puani ni kidogo sana na kinachoingia kwenye damu ni kidogo zaidi, lakini mtoto akiitumia kwa muda mrefu apimwe urefu wake kliniki.

Na jambo moja kwa kila mzazi: mtoto akiziba tundu moja tu, na kamasi lake lanuka, msifikirie aleji. Mara nyingi ni kitu amejitia, shanga, harage, kipande cha sponji. Mpelekeni siku hiyo hiyo, na msichokoe na kijiti.

---

Kusini B

Mbona mnajisumbua na kupuliza kila siku? Mimi kila mwaka masika yakiingia nachomwa sindano moja ya aleji kliniki fulani, miezi miwili sina chafya.

---

Famasi Tudor

Ndugu yangu, hiyo sindano uliyochomwa uliambiwa jina lake? Zile za kukaa miezi mara nyingi ni steroidi ya kukaa mwilini muda mrefu, na ile haikai puani, yatembea mwili mzima. Yaweza kupandisha sukari na presha, kuzubaisha tezi zinazotengeneza homoni zako mwenyewe, kudhoofisha mifupa ukiirudia, na mahali palipochomwa nyama yaweza kudidimia ikabaki shimo. Miongozo ya matibabu ya aleji ya pua haiipendekezi. Nimeona mtu mwenye kisukari asiyejijua akianguka baada yake. Tafadhali usiirudie kabla hujapima sukari na kuzungumza na daktari mwingine.

Kuna sindano nyingine kabisa, usizichanganye: ile ya kuuzoesha mwili kitu kinachoudhuru, kwa dozi ndogo inayoongezwa kidogo kidogo. Leonard Noon aliandika habari zake London mwaka 1911, akiwatibu watu wa aleji ya chavua za nyasi. Siku hizi ipo ya sindano na ya kuweka chini ya ulimi, hufanywa kwa miaka kama 3, baada ya kupimwa mzio wako ni wa nini hasa. Hiyo ni ya mtaalamu na si ya kuchomwa kwenye kaunta.

---

Mzee wa Mji wa Kale

Wajukuu zangu, mimi nimezaliwa katika moshi wa udi na ubani. Mamangu, Mungu amrehemu, alikuwa akifukiza nyumba kila Ijumaa na kila magharibi. Hatukujua hii aleji. Leo naambiwa nisifukize kwa sababu mjukuu apiga chafya. Mimi natumia mafuta ya habasoda puani na mvuke wa maji moto, na ni mzima.

---

Bint Kibokoni

Shikamoo babu. Nakuelewa, kwa maana hata kwetu Ijumaa bila udi ni kama haijafika.

Sikuacha udi. Nilichofanya ni kutazama, wiki mbili, nikiandika kwenye daftari: nimepiga chafya lini, wapi, na kulikuwa na nini. Moshi, uwe wa udi, wa makaa au wa ile dawa ya mbu ya kuzunguka, hauhitaji kuwa mzio wako ili ukuudhi. Pua iliyokwisha vimba huuchukia moshi wa aina yoyote. Sasa chetezo nakiweka uani, nguo zafukizwa huko, zapigwa upepo, ndipo zaingia ndani. Chumba cha kulala hakiingii moshi kabisa. Harufu bado ipo nguoni, babu, na mjukuu atapumua.

Mvuke kwa mtu mzima wapoza kidogo, ila tumuepushe mtoto na sufuria ya maji yanayochemka. Watoto wengi wameungua hivyo. Mafuta puani nisamehe, sitayasifu. Mafuta yanayotiwa puani kila siku yaweza kuteremka mpaka kwenye mapafu bila mtu kujua.

---

Mama Mapacha Likoni

Na hilo daftari lilikuonyesha nini?

---

Bint Kibokoni

Lilinionyesha kitanda.

Chafya zangu nyingi zilikuwa kati ya kulala na kuamka, na siku ya kutandika upya ndiyo mbaya zaidi. Godoro langu lilikuwa la arusi yangu, miaka kumi na minne. Mto ni wa sufi, wa bibi yangu, umeshonwa kwa mkono. Wadudu wa vumbi wanakaa humo. Hawaonekani kwa macho, mdudu mzima hafiki hata nusu ya milimita. Hawaumi wala hawanyonyi damu, si kunguni hao. Wanakula ngozi yetu inayopukutika, na maji hawanywi, huyavuta kwenye hewa. Kinachotudhuru zaidi ni kinyesi chao, kikavu na chepesi, kinapeperuka ukipiga mto kofi. Hewa kavu huwaua. Hapa kisiwani, ambapo kiatu cha ngozi kikikaa kabatini mwezi mmoja wakati wa masika huota ukungu, wana raha yao mwaka mzima.

Shuka na foronya nazifua kila wiki kwa maji ya moto. Joto linalowaua ni kuanzia kama digrii 55, mkono hauvumilii, kwa hivyo nachemsha sufuria kubwa, namimina kwenye karai juu ya shuka, nafunika na karai jingine, naziacha nusu saa, ndipo nafua. Kisha jua la paa. Godoro jipya nimelishonea kava la zipu la kitambaa kilichofumwa kwa kubana sana. Mto wa bibi nimeutoa kitandani, nimeuweka ndani ya mfuko uliofungwa, kuutupa siwezi. Zulia la chumbani limetoka, limeingia busati la kupanguswa. Panka la darini hupanguswa kwa kitambaa kibichi kila Jumamosi. Mara ya kwanza nilipolipangusa, vumbi lilitoka kama pamba, refu kama kidole, nikajua nililokuwa nikipeperushiwa usoni kila usiku. Kupiga godoro na kufagia kavu anafanya mume wangu, mimi nikiwa nje.

---

Famasi Tudor

Niongeze kidogo, watu wasije wakauziwa kava wakadhani wamepona. Kava peke yake, watu walipojaribiwa, halikuleta nafuu kubwa. Lafaa likiwa pamoja na kufua, kupunguza unyevu, kutoa zulia, na dawa. Mende nao wana mzio wao, tena mkali kwa watoto wenye pumu, kwa hivyo jikoni pasilale na vyombo. Madirisha yafunguliwe mchana, nguo mbichi zisianikwe chumbani. Na paka: mzio wake watoka kwenye mate na ngozi yake, yeye ajilambapo husambaa kwenye manyoya, na hata ukimtoa nyumbani hubaki kwenye makochi miezi.

---

Salma wa Mwembe Tayari

Maswali mawili. Tukichukua udhu si twavuta maji puani, hiyo haitoshi kuosha? Na Ramadhani hiyo dawa ya kupuliza inakuwaje?

---

Bint Kibokoni

Salma, kuvuta maji ya udhu kwasafisha mbele ya pua na ni jambo zuri. Kuosha pua kwa ajili ya matibabu ni kuingiza maji mengi upande mmoja yatokee upande wa pili, na maji yale sharti yawe yaliyochemshwa yakapoa. Kisima na bomba hapana. Kuna kijidudu adimu sana cha maji ya vuguvugu, kikipanda puani kwenda ubongoni huua, na Karachi, kule Pakistani, watu wamekufa kwacho. Mimi natumia glasi ya mililita 250, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na bikaboneti ya soda ya kushika kwa vidole viwili. Yakiwa na uvuguvugu hayachomi. Chombo cha kuoshea pua nakiosha na kukianika. Na unaosha kabla ya kupuliza dawa, ukigeuza utaiosha dawa.

Ramadhani, dawa yangu ni mara moja kwa siku, kwa hivyo naitia usiku baada ya tarawehe, na siku yangu yapita. Hukumu ya kuitia mchana muulize shekhe wako, mimi sina elimu hiyo.

---

Famasi Tudor

Kwa wajawazito wanaosoma kimya kimya: maji ya chumvi ni salama, na katika steroidi za pua budesonidi ndiyo iliyochunguzwa zaidi kwa wajawazito. Mweleze mkunga wako kabla ya kununua chochote. Na mwenye aleji ya pua anayeanza kukohoa usiku au kifua kupiga mluzi, aangaliwe pumu. Pua na mapafu ni njia moja, na pua ikitunzwa kifua nacho hupumzika. Ukipewa montelukasti, dawa nyingine ya pumu na aleji, kumbuka Marekani waliitilia onyo kali mwaka 2020 kwa sababu ya mabadiliko ya akili na hisia kwa wengine. Ndoto mbaya, huzuni, hasira zisizo za kawaida, rudi kwa daktari mara moja.

---

Tuktuk Kisauni

Nimerudi. Nilikwenda kuonwa siku ile ile niliyoandika, nikapewa ya kupuliza. Wiki ya kwanza nilifanya ulivyosema, ya kupuliza pamoja na matone. Sasa ni siku ya nne bila matone tundu la kulia. Jana usiku sikulala, nilikaa kizingitini mpaka saa kumi. Mke wangu alinichemshia maji ya chumvi mara mbili.

---

Bint Kibokoni

Usirudi nyuma kakangu. La kushoto ulitie ukihitaji, la kulia usiliguse. Mpe salamu mkeo.

---

Mama Mapacha Likoni

Mwanangu ameonwa. Aleji, na nyama za nyuma ya pua nazo zimevimba kidogo, tumeambiwa tujaribu dawa miezi mitatu kabla ya jambo jingine. Nimemfundisha mkono wa kushoto tundu la kulia. Asubuhi aniambia, "Mama, natazama vidole vyangu." Nimefunika mto wake, na yule dubu wake wa manyoya analala kwenye friza ndani ya mfuko kila Ijumaa usiku, Jumamosi tunamfua, maana nimeambiwa baridi kali huwaua hao wadudu na kufua kunatoa uchafu wao.

---

Tuktuk Kisauni

Siku ya kumi. La kulia limefunguka. La kushoto nimeliacha juzi, lavuta kwa shida lakini lavuta. Leo nimepita Kongowea na abiria, nikasikia harufu ya samaki wa kukaanga kabla sijaiona ile meza. Kichupa nimekitoa kwenye dashibodi.

---

Bint Kibokoni

Alhamdulillahi. Ya kupuliza usiiache, hata ukijiona mzima. Ukifika wiki ya tatu rudi kwa daktari akuangalie ndani, na utuandikie.